Kalamu ya unyoya na faili zetu

Leo tuweke kando programu kidogo, tuzungumzie chombo ambacho Ulaya ilikitegemea kwa zaidi ya miaka 1000: unyoya wa ndege.

Tuanze na maneno yenyewe. "Kalamu" tuliipata kutoka Kiarabu, nacho kiliipata kwa Wagiriki, ambao kwao ilikuwa tete, ule mmea wa mtoni. "Peni" imetujia kupitia Kiingereza kutoka neno la Kilatini "penna", yaani unyoya. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "niazime peni" anaomba unyoya bila kujua!

Unyoya huo hutengenezwaje? Mimi nimejichongea mmoja, na hatua zake si nyingi. Chukua unyoya mrefu wa bawa la bata bukini. Waandishi wa mkono wa kulia walipenda bawa la kushoto, kwa sababu unyoya wake hupinda kwenda nje, mbali na macho. Nyuzinyuzi nyingi za pembeni huondolewa ili zisisumbue mkono; ule unyoya mzima unaopepea ni mapambo ya sinema. Kisha shina lake huchomekwa kwenye mchanga wa moto likauke na kuwa gumu. Sasa shika kijisu kikali: kata mshazari, punguza pande zote mbili upate ncha, kisha pasua ncha hiyo katikati.

Mpasuko huo ndio injini yake. Wino hushuka humo kwa njia ileile ambayo utambi wa koroboi hupandisha mafuta ya taa. Ukiandika maneno machache unachovya tena, na ncha ikichoka unaichonga upya. Unyoya ukiisha, unautupa.

Wino wenyewe ulitokana na vinundu vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ukiandika huonekana hafifu, halafu hewa huugeuza kuwa mweusi, nao hung'ang'ania ngozi kabisa.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linamhusu mtu wa tarakilishi. Mwishoni mwa mwaka 1085, Mfalme William wa Uingereza aliagiza ardhi na mali za nchi yake zihesabiwe. Matokeo yake ni Domesday Book, ya mwaka 1086, iliyoandikwa kwa unyoya juu ya ngozi ya kondoo. Sehemu kubwa ya buku kuu ni kazi ya mwandishi mmoja. Ipo London hadi leo, na inasomeka.

Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, BBC ilitengeneza Domesday mpya: picha, ramani na maelezo ya maisha ya Waingereza, kwenye diski za leza zilizohitaji mashine maalumu na tarakilishi ya BBC Master. Haikupita miaka 20, mashine hizo zikawa adimu. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu inayoiga mashine hizo, ndipo yaliyomo yakaonekana tena.

Mtu atasema kitabu cha 1086 nacho kina ugumu wake, maana kimeandikwa kwa Kilatini chenye vifupisho tele. Ni kweli. Lakini Kilatini kinafundishwa mpaka leo, na jicho halihitaji kununuliwa kiwandani. Unyoya uliokiandika ulitupwa zamani, na maandishi hayakuuhitaji tena. Diski ya 1986 ilikuwa nzima, ila chombo chake kilipotoweka, nayo ikawa bubu.

Hapo ndipo ninapopimia kazi zetu. Picha za harusi, hesabu za chama, shairi la babu ulilolichapa: je, vitafunguka bila programu iliyoviandika? Mimi maandishi yangu muhimu nayaweka katika faili za maandishi matupu, nakala zaidi ya moja, na machache nayachapisha kwenye karatasi. Programu ninazoandika nazo lazima ziweze kutoa data nje, mteja aombe asiombe.

Wewe je, una faili ya miaka 10 iliyopita? Hebu jaribu kuifungua leo jioni.