Tangu Rufani kwa Kaisari hadi Mahakama ya Arusha

Paulo, aliposimama mbele ya Festo kule Kaisaria, alikata rufani kwa Kaisari. Sisi wa Afrika Mashariki tunaielewa habari hiyo upesi, maana kwetu pia neno la mwisho la haki lilikaa ng'ambo ya bahari. Mahakama ya rufani ya eneo letu ilianzishwa na Waingereza mwaka 1902, na aliyeshindwa humo aliweza kupeleka shauri lake London, kwenye baraza la mfalme. Aliweza, kama alikuwa na fedha. Mkulima angezitoa wapi?

Baada ya uhuru mahakama hiyo iliendelea kuzihudumia Kenya, Uganda na Tanzania, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 nayo ikafa, kila nchi ikabaki na mahakama zake.

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikazinduliwa miaka miwili baadaye. Novemba 2006 iliwazuia kwa muda wabunge walioteuliwa na Kenya kuingia katika Bunge la Jumuiya. Wakubwa hawakupendezwa. Mkataba ukabadilishwa haraka: kikaongezwa kitengo cha rufani, jambo jema, lakini pia mwananchi akapewa miezi miwili tu ya kufungua shauri. Yule mjane wa Injili ya Luka, aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara, asingefika mbali kwa kalenda hiyo.

Hata hivyo majaji hawakunyamaza. Kampala, Novemba 2005, Mahakama Kuu iliwapa dhamana washtakiwa 14, na papo hapo watu wenye silaha wakaizingira mahakama. Washtakiwa wakarudishwa gerezani. Serikali ya Uganda ilijitetea kwamba mahakama ya Arusha haijapewa mamlaka juu ya haki za binadamu. Majaji walikubali hivyo, ila wakasema hawawezi kukwepa kazi ya kuutafsiri mkataba kwa sababu tu haki hizo zimetajwa. Tarehe 1 Novemba 2007 waliamua kuwa utawala wa sheria umevunjwa.

Mahakama hiyo haina polisi wala gereza. Hukumu zake hutegemea nchi zilezile zilizoshtakiwa. Kila Jumapili tunawaombea marais kwa majina. Majaji wale hatujawahi kuwataja.