Kipatanishi cha Mafuta na Maji

Fundi wa mashine za boti, amalizapo kazi yake bandarini, hukinga chini ya bomba mikono iliyojaa dizeli, na maji yakamteleza kama yatelezavyo juu ya jani la myugwa. Hata ashikapo kipande cha sabuni ya mche na kusugua, ndipo povu hugeuka jeusi na mafuta yakakubali kufuatana na maji. Sabuni ile haikuyaangamiza mafuta. Imesimama baina ya mahasimu wawili, kwa kuwa kila chembe yake ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta, na kwa undumilakuwili huo wa kheri huulegeza mvutano wa uso wa maji.

Vitu vya tabia hiyo vitengenezwavyo na bakteria ndivyo wataalamu waviitavyo bayosafaktanti, neno zito ulimini, nami kwa muda nilizoea kuandika “sabuni ya vijidudu”. Taksiri yangu niliitambua nilipokumbuka kuwa dawa ya mbu haitengenezwi na mbu, wala sumu ya panya haitoki kwa panya. Mswahili asikiapo sabuni ya vijidudu hudhani ni ya kuviua, ilhali vijidudu ndivyo viitengenezavyo, tena vipate kula.

Kwani bakteria walao mafuta wana dhiki ya ajabu: makao yao ni majini, na riziki yao haiyeyuki majini, basi hawana pa kulia chakula ila katika mpaka mwembamba vinapokutana viwili hivyo. *Alcanivorax borkumensis*, aliyetambulishwa na wataalamu mwaka 1998 kutoka Bahari ya Kaskazini, hutoa muungano wa sukari na mafuta unaomsogezea chakula chake. *Bacillus subtilis* hutoa safaktini, ambayo kidogo tu huteremsha mvutano wa maji kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi 27. Tone la dizeli likivunjika kuwa vitone elfu, mafuta hayakuongezeka, bali mpaka umeongezeka, na walaji wengi hupata nafasi mezani. Yuko pia *Pseudomonas aeruginosa*, hodari wa kazi hiyo, lakini huwadhuru hospitalini watu walioungua moto, kwa hiyo ni heri kuazima kazi yake pasipo kumkaribisha mwenyewe.

Walakini pasipo naitrojeni, fosforasi na hewa ya kutosha, mlo huo hauliki hata ukivunjwavunjwa. Na mara nyingine bakteria huyaacha mafuta wakala kile kipatanishi chenyewe, kwa kuwa ni laini zaidi.

Wala kila sabuni si rafiki. Meli Torrey Canyon ilipopanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, Machi 1967, ikiwa na tani 119,000 hivi za mafuta ghafi ya Kuwait, zilimwagwa takriban tani 10,000 za sabuni za viwandani zenye viyeyushi vikali, na konokono wa miambani wakafa zaidi kwa dawa kuliko kwa maradhi. Vitu vya bakteria aghalabu vina sumu haba kuliko hizo, tena huoza.

Ndipo nikachagua “kipatanishi cha bakteria”: ki- ya ala, kama katika kifagio na kizibo, na kupatanisha, ambayo ndiyo kazi yake hasa, si kuua wala kusafisha. Mwenye neno bora na alilete. “Sabuni ya vijidudu” mimi siiandiki tena.