PIKIPIKI YA SAFARI NDEFU: UNUNUE IPI NA UVAE NINI



Desemba ikikaribia utaona vijana kibao pale Kimara na Mbezi wamefunga mabegi nyuma ya pikipiki, safari ya Moshi, Tanga, Iringa mpaka Mbeya. Wengine wanakwepa nauli ya basi, wengine wanataka tu kufika nyumbani na chombo chao. Hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba wengi wanamaliza hela yote kwenye pikipiki, halafu kichwani wanavaa kofia ya bei ya chipsi kavu. Hii ni ya kujipanga kabla hujatoa hela dukani. Ipitie yote, ukiweza iprinti ubaki nayo.

1. ANZA NA SAFARI, SIYO PIKIPIKI

Dar mpaka Moshi ni kama kilomita 560. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya 800. Zote lami, lakini kuna matuta, vijiji vya mwendo wa 50, malori na trafiki. Piga wastani wa kilomita 50 kwa saa, utaona Moshi ni zaidi ya saa 11 juu ya siti. Hiyo ni safari ya siku mbili. Lala Korogwe au Same, asubuhi uendelee. Ukitaka kuimaliza kwa siku moja utajikuta unaendesha usiku ukiwa umechoka, na hapo ndipo watu wanapoishia.

Jiulize pia: uko peke yako au mmepakizana? Mzigo kiasi gani? Ukifika kwenu ni lami mpaka mlangoni au kuna vumbi na makorongo?

2. CC NGAPI?

Cc 100 au 110 ni ya mjini. Itafika, lakini utakuwa umeiminya njia nzima. Cc 125 mpaka 150 inatosha kwa mtu mmoja na begi, mwendo wa 60 hivi. Ukiongeza abiria na mzigo, utaijua tabu yake mlima Kitonga, au pale unapotaka kulipita lori na pikipiki haina nguvu ya akiba. Kama mara nyingi mnakuwa wawili, tafuta cc 200 kwenda juu.

Lakini msidanganyike na ukubwa. Kitu cha kwanza ni spea. Boxer na TVS za India zimejaa nchi nzima, kwa hiyo waya wa klachi ukikatika Hedaru utapata mwingine na fundi wa kuufunga. Ukiwa na pikipiki kubwa ya mtumba ambayo hata Kariakoo spea zake ni za kutafuta, utalala njiani.

Wanaopenda zile ndefu za porini, kumbukeni kitu kimoja. Yamaha DT125 ni ya mipigo miwili, inakula mafuta na oili yake ya kuchanganya. Honda XL125 ni ya mipigo minne, inakula kidogo. Ukinunua iliyotumika, uliza kwanza ni ya aina gani.

3. VYA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

- Breki. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu ukibana breki uzito wote unakwenda mbele. Kama bajeti inaruhusu chukua yenye diski mbele, na yenye ABS ni bora zaidi maana tairi halijifungi ghafla. Kuna wanaoogopa breki ya mbele na kukanyaga ya nyuma tu. Jifunze kuzitumia zote mbili, taratibu, uwanjani kabla ya barabarani.

- Tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukiona 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likikaa miaka mingi mpira unakauka hata kama vijino vyake bado vipo. Tairi lisilo na tyubu likichomwa na msumari mara nyingi hutoa upepo polepole, lenye tyubu linaweza kuisha ghafla.

- Urefu wa siti. Kaa juu yake. Miguu ikae chini vizuri, siyo vidole tu. Ukiwa na mzigo na ukasimama kwenye mteremko utanielewa.

- Tenki. Nyingi za cc 125 na 150 zinatembea kilomita 35 mpaka 50 kwa lita. Pima yako mwenyewe: jaza tenki, tembea 100, jaza tena. Ukishajua, hutategemea mafuta ya kwenye chupa.

- Cheni. Ikicheza sentimita 2 mpaka 3 katikati ni sawa kwa nyingi. Ikilegea sana inaruka, ikikaza sana inakatika. Safari ndefu ipake oili kila kama kilomita 500, na kila baada ya mvua.

4. HELMETI

Hapa naomba tusitaniane. Mwaka 1935 kule Uingereza T. E. Lawrence, yule mwanajeshi maarufu wa vita vya Uarabuni, alikufa kwa ajali ya pikipiki bila kofia. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, akaanza kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake. Tafiti zimeendelea. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2008 ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Inafanyaje kazi? Siyo lile ganda la nje peke yake. Ndani kuna povu gumu jeupe, kama lile linalokuja na TV mpya kwenye boksi. Ukigonga, povu ndilo linalobonyea badala ya kichwa chako. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo:

- Helmeti iliyopata ajali ni takataka, hata kama nje inang'aa.
- Usinunue ya mtumba. Huwezi kujua imepitia nini.
- Tafuta alama ya E ndani ya duara yenye namba pembeni, ndiyo ya viwango vya ECE. Stika peke yake inaweza kufojiwa, hivyo vua kitambaa cha ndani uone povu lenyewe lipo na ni nene.
- Ivae, funga mkanda, kisha jaribu kuivua kwa kuisukuma kutokea nyuma kwenda mbele. Ikitoka, siyo saizi yako.
- Chukua inayofunika kidevu. Mkanda usiofungwa ni sawa na hujavaa.
- Abiria naye avae yake. Kichwa chake siyo cha plastiki.

5. MWILI MZIMA

Siyo lazima mavazi ya kutoka Ulaya. Koti la ngozi nzito la mtumba pale Karume linafanya kazi. Jinzi nzito, vikinga magoti, glavu za ngozi na buti zinazofunika kifundo. Ukianguka, mikono ndiyo inatangulia, na lami inamenya ngozi kama karoti. Kandambili zibaki kwenye begi. Ongeza kikoti cha kung'aa na koti la mvua. Makambako na Mafinga kuna baridi, vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki.

6. NJIANI

Kwenye mwendo wa 60, kila sekunde unakula kama mita 17. Kwa hiyo ukishtuka kwa sekunde moja tu, umeshatembea mita 17 kabla hata ya kugusa breki. Acha nafasi. Basi likikupita linakuja na upepo, shika usukani vizuri. Mikumi barabara inakatisha hifadhini kama kilomita 50, na tembo hapigiwi honi. Pumzika kila saa moja na nusu, kunywa maji. Giza likiingia, tafuta gesti.

KWA KIFUPI

Kabla ya kuchagua pikipiki, toa kwanza pembeni hela ya helmeti, glavu, buti, leseni na bima. Inayobaki ndiyo ya kununulia chombo. Kama haitoshi cc 150, chukua ndogo zaidi au subiri Desemba nyingine. Nyumbani wanakusubiri wewe, pikipiki watakuja kuiangalia baadaye.

Wenye uzoefu wa njia ya Kusini na Singida mpaka Mwanza, ongezeeni hapo chini. Kazi kwenu wadau.