Wahariri wa Hazina ya Protini
Mwaka 1965 Margaret Dayhoff na wenzake nchini Marekani walichapisha kitabu chenye mifuatano ya protini 65, iliyokusanywa kutoka majarida mbalimbali. Kompyuta walikuwa nazo, ila kilichokipa kitabu thamani ni uhariri. GenBank, hazina ya mifuatano ya DNA iliyoanzishwa mwaka 1982, ilishika njia nyingine: ikawa ghala ambamo rekodi ni ya aliyeiwasilisha, na mwingine hana ruhusa ya kuirekebisha hata akiona kosa. Amos Bairoch wa Geneva alianzisha hazina ya protini ya Swiss-Prot mwaka 1986 kwa msimamo tofauti kabisa. Humo wahariri husoma makala, hupima ushahidi, ndipo huandika protini inafanya kazi gani.

Wapo wanaosema mwendo huo wa kobe hauwezi kwenda sambamba na mashine za kusoma DNA, ambazo ndizo chanzo cha mifuatano mipya ya protini. Ni kweli, na ndiyo maana mwaka 1996 ikaongezwa TrEMBL, hazina ya protini zinazofafanuliwa na programu badala ya wahariri, ambayo imeiacha Swiss-Prot mbali kwa ukubwa. Lakini programu hurithisha jina kutoka protini moja hadi nyingine inayofanana nayo, na kosa moja huzaa ukoo mzima wa makosa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu familia 37 za vimeng'enya ulikuta makosa mengi katika hifadhi zilizotegemea programu, ilhali Swiss-Prot, kwa familia nyingi, ilikaribia kukosa dosari. Tena, kanuni nyingi zinazoiongoza TrEMBL zimeandikwa na wahariri haohao wanaodaiwa kupitwa na wakati.