Ridhaa ni ya Mwenye Mwili

Nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja hapa Muleba nikisubiri dawa ya presha. Binti wa miaka kama 16, aliyefuata vidonge vya majira, akapewa karatasi. Juu ya mstari wa nukta palichapwa: "Ridhaa ya mzazi". Akauliza, "Dada, hapa nasaini mimi?" Nesi akamwambia aipeleke nyumbani. Akaikunja mara nne, akaondoka. Mpaka naitwa dirishani hakuwa amerudi.

Swali la binti yule lilikuwa Kiswahili safi kuliko karatasi. Anayeridhia ni mwenye jambo. Ridhaa imetoka katika mzizi wa Kiarabu uliotupa pia radhi, kuridhika na maridhiano: moyo kutulia juu ya jambo, na moyo wa mtu hautulizwi na mwingine. Idhini ni ndugu wa udhn, sikio kwa Kiarabu: mwenye mamlaka husikia ombi, akaruhusu. Mzazi basi hutoa idhini. Kibali nawaachia wenye mbao na ujenzi. Tena, kwetu "ridhaa ya mzazi" husikika kama radhi ya mzazi, na aliyeikosa radhi hiyo huhesabiwa amelaaniwa. Msichana anatumwa na fomu kwenda kuipima laana!

Haya niliyaeleza mbele ya jopo moja la istilahi. Nikajibiwa kuwa ridhaa na idhini ni visawe, tusipoteze muda. Jibu hilo limeniuma hadi leo, kwa maana hata sheria imeyatenga mambo hayo mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoandikwa kwa Kiingereza, katika kifungu cha 16 inataka kila mwoaji na mwolewaji akubali kwa hiari yake. Cha 17 kilimtaka msichana wa chini ya miaka 18 aruhusiwe na baba. Kiingereza kimetumia neno lile lile kote kuwili. Sisi tunayo mawili, kisha tunayachanganya kwa hiari yetu! Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 17 kuwa kinyume cha Katiba; Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Kilichoangushwa ni idhini. Ridhaa ya kifungu cha 16 haikuguswa.

Kwa matumizi: "ridhaa ya mhudumiwa" iandikwe daima, "idhini ya mzazi" pale tu inapodaiwa kisheria. Kwa vidonge vya binti yule, miongozo ya taifa ya uzazi wa mpango ya 1994 ilikwisha kutamka kuwa huduma ni haki ya kila aliye katika umri wa kuzaa, vijana wakiwemo, awe na ndoa au hana.