HABARI ZA ALLIDINA VISRAM NA MALEZI YA BIASHARA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Biashara ya halali ni miongoni mwa kazi alizozifanya Mtume Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam, kabla ya kupewa utume. Alikuwa yatima, na baada ya kufariki babu yake alilelewa na ami yake, Abu Talib. Alichunga wanyama wa watu wa Makka kwa ujira, na wapokezi wa sira husimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi ami yake alimchukua katika msafara wa biashara kwenda Sham. Alipotimiza miaka 25 Bi Khadija alimkabidhi mali yake, kwani watu walikwisha kumjua kwa jina la Al-Amin. Uaminifu ule ulilelewa kwanza nyumbani mwa jamaa, kisha ukajulikana sokoni.

Hakuna awezaye kulinganishwa na Mtume. Lakini katika historia ya Waislamu wa Uganda yupo mtu aliyeingia katika biashara kwa umri kama huo, na habari zake zina mafunzo. Huyo ni Allidina Visram, wa jamaa ya Khoja Ismailia. Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, Bara Hindi. Mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12, alivuka bahari akaja pwani ya Afrika Mashariki, akapokelewa Bagamoyo katika biashara ya ukoo wa Paroo, ambao mashuhuri wao alikuwa Sewa Haji.

Desturi ya maduka hayo ilikuwa njema kwa kijana asiye na kitu. Hakupewa fedha mkononi. Alipewa chakula, mahali pa kulala na kazi. Alifagia, akapima nguo, akahesabu ushanga na pembe za ndovu, akajifunza Kiswahili na kuandika daftari. Wakubwa walimtazama miaka mingi. Aliyeonekana mwaminifu alipewa mali kauli, yaani bidhaa za kwenda kuuza kwanza na kulipa baadaye. Rehani yake ilikuwa neno lake na heshima ya jamaa zake.

Wala haifai kuficha kwamba Bagamoyo ya siku zile ilikuwa pia mji wa dhuluma. Katika njia zile zile za pembe walipita watumwa, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Mali iliyopita katika njia hizo haikuwa yote safi, na kila mfanyabiashara atahesabiwa kwa aliyoyatenda.

Allidina alipokuwa mtu mzima alifungua maduka yake mwenyewe, pwani na bara, hata Ujiji. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 aliifuata kwa maduka, akiwauzia vyakula wafanyakazi wa reli. Mwaka 1898, miaka mitatu kabla reli haijafika Kisumu, alikwisha kufungua duka Kampala. Baadaye aliingia katika kuchambua pamba, kukamua mafuta na kutengeneza vyombo vya mbao. Matawi yake yakapita 30.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakusahau alivyopokelewa. Aliwaita vijana kutoka Bara Hindi, akawapa kazi, na wengi akawapa bidhaa kwa mkopo ili wafungue maduka yao wenyewe katika miji midogo ya bara. Sadaka zake pia hazikuishia kwa watu wa dini yake, kwani alichangia hata ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe. Alifariki Mombasa mwaka 1916, kwa homa aliyoipata katika safari ya Kongo.

Biashara ile kubwa haikudumu sana baada yake. Kilichodumu ni shule ya Mombasa yenye jina lake, iliyojengwa na mwanawe Abdulrasul kwa kumbukumbu ya baba yake, ikafunguliwa mwaka 1923. Mtoto aliyekuwa dukani katika umri wa kukaa chuoni, jina lake limebaki juu ya mlango wa shule.

Hapo pana swali kwa kila mzazi. Mtoto anayetumwa leo na sinia la karanga au mandazi barabarani, je, analelewa au anatumiwa? Anayelelewa hufundishwa hesabu ya alichouza, huonyeshwa faida na hasara, huwekewa fungu lake, na saa ya shule na ya sala haichukuliwi na sinia. Anayetumiwa hurudi jioni akatoa fedha, akalala, asijue lolote ila uchovu. Wote wawili wamebeba sinia moja, lakini yule wa kwanza ana jamaa nyuma yake, na wa pili yuko peke yake ijapokuwa ana baba na mama. Mtoto ni amana, na amana huulizwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wa Kiislamu riziki ya halali, na awape wazazi wao subira ya kuwafundisha. Amin.