Breki ya baiskeli: kutoka kijiko cha chuma hadi waya

Ndugu mkulima, ukisimama siku ya soko kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela, hutakosa kumwona kijana mwenye mikungu ya ndizi kwenye keria anayepunguza mwendo kwa kukandamiza kandambili juu ya tairi. Watu humcheka. Mimi simcheki, maana breki za zamani zilifanya kazi hivyohivyo.

Miaka ya 1870 huko Ulaya, baiskeli ilikuwa na gurudumu kubwa mbele, na breki yake ilikuwa chuma kilichopinda kama kijiko, kinachokandamiza tairi. Tairi ilikuwa raba ngumu isiyo na upepo, ikavumilia. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast (mwenzetu wa ugani huyo!), akapata hataza ya tairi ya upepo. Baiskeli ikawa laini, ila kijiko kikawa kinaila tairi upesi. Kandambili nayo huila vivyo hivyo, na mguu ukiteleza kwenye spoku ni hospitali. Ndiyo maana mafundi walihamishia breki kwenye ringi.

Huko ndiko ilikotoka breki ya fito tunayoijua kwenye Raleigh, Phoenix na Hero. Unabana mkono, fito zinavuta raba mbili hadi zikamate ringi kwa ndani, upande wa spoku. Haina waya wa kukatika, na ikipinda fundi wa kijijini huinyoosha kwa koleo. Udhaifu wake ni maji. Ringi ya chuma yenye kromu ikilowa, raba huteleza, na sisi Rungwe mvua hatuikosi. Siku ya mvua gusa breki mapema, kabla ya mteremko, ili raba ziifute ringi.

Waya unaopita ndani ya ganda ulipewa hataza Uingereza mwaka 1896, kwa jina la Ernest Bowden. Wengi sasa wanataka kuweka breki za namna hiyo kwenye Phoenix. Tazama ringi kwanza! Ringi ya breki za fito ina ubavu wa mviringo, raba za pembeni hazipati pa kushika. Mwaka juzi nilimshauri mama mmoja muuza parachichi anunue breki za waya, nikasahau habari ya ringi. Fedha yake ilipotea, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo ukibadili, badili na ringi: yenye ubavu bapa, afadhali ya aluminiamu, maana hushika vizuri zaidi ikilowa. Hesabu matundu ya spoku kwenye habu kabla ya kwenda dukani. Yakitofautiana na ya ringi, haifungiki.

Kama fedha haijatosha, nunua raba mpya tu. Zifunge ziwe milimita 2 au 3 kutoka kwenye ringi, zisiguse tairi, na ukitia mafuta kwenye cheni, funika ringi kwa kitambaa.